Mtaa wa Kula

Mzee huyu alikosa vitu vingi, na kwa kuwa alikuwa mtu wa mpango, alivijua vyote kimoja kimoja. Hakuwa na meno matatu ya juu, upande wa kushoto. Hakuwa na mke, huu mwaka wa sita. Hakuwa na cheti cha shule yoyote inayofundisha mchana. Hakuwa na gari wala baiskeli, wala hamu ya kuwa navyo. Hakuwa na subira na mabango ya siku hizi, yenye herufi za kompyuta zisizo na kiuno. Hakuwa na picha hata moja ya mtu fulani ambaye mara ya mwisho alimwona akipanda basi la mikoani na sanduku la bati, miaka hamsini na miwili iliyopita. Na hakuwa na sababu yoyote, kama alivyopenda kusema, ya kwenda katikati ya mji.

"Baba, daktari kasema utembee," binti yake alimwambia. Binti huyu alikuwa muuguzi, na alizoea kusema na watu wazima kama wagonjwa. "Kuzunguka meza si kutembea."

"Natembea mpaka dukani."

"Duka liko mlangoni, baba. Sikiliza. Kila Jumamosi kuna matembezi ya mji wa zamani. Watu wanaonyeshwa majengo ya wakoloni, wanasimuliwa habari zake. Nimeshakuandikisha."

Mzee aliweka kikombe chini. "Nitembezwe mimi? Mji ule nimeuandika kwa mkono wangu, herufi kwa herufi, leo nikaonyeshwe na mtoto wa juzi?"

"Basi nenda ukawasahihishe. Humu ndani umeshatusahihisha wote, tumekwisha."

Alikuwa mwandika mabango. Kwa miaka arobaini watu walimwita Fundi Herufi, na jina hilo alilivaa kama koti la sikukuu. Maduka ya mapazia, zahanati, ofisi za mawakili, milango ya vyoo vya stesheni, vyote vilipita chini ya brashi yake. Lakini kazi yake ya kwanza ya maana, aliyoifanya akiwa kijana wa miaka ishirini na mitatu, ilikuwa kuandika upya majina ya mitaa ya katikati ya mji, mwaka ule bendera ilipobadilishwa na majina ya magavana yakang'olewa ukutani. Kazi hiyo hakupenda kuitaja. Na mitaa hiyo aliizunguka kwa barabara ya nje, hata mvua ikinyesha.

Jumamosi alinyoa ndevu, akavaa viatu vya ngozi, akaenda. Hakuenda kwa sababu ya daktari. Ukweli ni kwamba usiku ule alikuwa ameota ngazi.

Wakakutana saa tatu asubuhi mbele ya stesheni ya treni, watu wanane na mtembezaji. Mtembezaji alikuwa mwanamke wa makamo, mchangamfu, mwenye kofia pana na kipaza sauti kidogo kilichoning'inia shingoni. Mzee akamwita Kipaza moyoni mwake, na hakumwondolea jina hilo. Kati ya wale wanane alikuwamo dereva wa treni mstaafu, mtu mnene mwenye kicheko kikubwa, ambaye hata kabla ya kusalimiana alikuwa ameshawaambia wote urefu wa jukwaa la stesheni.

"Stesheni hii," Kipaza alianza, "ilijengwa kwa nguzo kumi na mbili za mawe, zilizoletwa kwa meli..."

"Kumi na nne," mzee alisema.

"Samahani, mzee wangu?"

"Nguzo. Ni kumi na nne. Mbili ziko ndani, nyuma ya dirisha la tiketi. Niliandika juu yake 'Usiteme mate.'"

"Na bado wanatema!" dereva alisema, akacheka peke yake.

Kipaza alitabasamu bila kukasirika. "Naona leo nina mwalimu. Twende, mwalimu."

Wakavuka uwanja, wakapita mahakama yenye ngazi pana ambazo watu walikuwa wamekaa wakisubiri, ingawa Jumamosi hakuna kesi. Wakapita benki ya zamani, ambayo sasa mbele ni duka la simu na nyuma ndiyo ofisi ya matembezi. Wakaingia chini ya baraza ndefu yenye matao, ambako jua hukatwa vipande na hewa hunuka chokaa yenye unyevu na karatasi za zamani. Kipaza alieleza habari za matao, roshani za chuma, mhandisi aliyelewa akaweka ngazi upande usiokuwa na mlango. Watu walipiga picha. Mzee hakusikia hata nusu. Macho yake yalikuwa juu, kwenye pembe za majengo, mahali majina ya mitaa yanapokaa.

Yalikuwapo bado. Mengine yamefunikwa na vibao vya chuma, mengine yamepakwa rangi mara tatu, lakini mtu aliyeandika herufi huijua hata ikiwa chini ya shuka. Hapa S yake, yenye tumbo kubwa kuliko kichwa. Hapa M aliyoikosea upana, ikabidi aibane A iliyofuata kama abiria wa mwisho. Na chini ya kila jina, ukutani, alimwona mtu ambaye hakuwapo.

Alikuwa karani wa kike wa halmashauri ya mji, naye kijana. Kazi yake ilikuwa kushika orodha ya majina mapya na kuhakikisha kila jina linakwenda kwenye ukuta wake. Wiki tatu walitembea pamoja katika mitaa hii, yeye Fundi amebeba ngazi begani, karani amebeba karatasi, wino na mkebe wa brashi ambao hakuombwa kuubeba. Alikuwa na kalamu nyuma ya sikio na viatu vya bluu alivyovivua kila walipofika kivulini. Alitoka mahali ambako ulimi haupendi r.

"Fundi, langi inadondoka!" alikuwa akipiga kelele kutoka chini.

"Imedondoka wapi?"

"Kichwani kwangu, wapi kwingine? Halaka, nipe kitambaa."

Na Fundi alikuwa na siri. Alipoomba kazi alisema amemaliza darasa la nane. Hakumaliza la pili. Herufi kubwa alizijua zote, alijifunza kwa kunakili mikebe ya rangi na magunia, na neno akilisikia aliweza kulipanga, silabi kwa silabi, kama mtu anayepanga matofali. Lakini orodha ile ilikuwa imeandikwa na bwana mkubwa kwa mwandiko wa kuunganisha, na kwa Fundi mwandiko ule ulikuwa uzi uliotatizwa na paka. Siku ya kwanza alipopewa karatasi aliitazama kwa muda mrefu, akakunja uso, akasema jua linamuumiza macho. Karani alimwangalia kidogo. Kisha akaichukua karatasi mkononi mwake taratibu, akasema, "Wewe panda. Kusoma ni kazi yangu."

Tangu hapo akawa anasoma, Fundi anaandika. Na ikiwa neno lina r, alilitamka, kisha akatazama herufi hiyo ikichorwa, na akiona imekwenda kombo anasema, "Si hiyo, Fundi, ile ingine, yenye mguu." Walicheka. Jioni, kazi ikiisha, hawakwenda moja kwa moja kwenye basi. Walizunguka. Walitazama madirisha ya hoteli kubwa ambamo hawakuwahi kuruhusiwa kuingia, na sasa wangeweza, lakini hawakujua waingie kufanya nini. Fundi hakuwahi kumwambia neno. Alikuwa akisubiri kazi iishe, ili amwambie kama mtu mwenye jina.

"Na sasa," sauti ya Kipaza ilimrudisha, "tumefika mtaa ambao kila mtu anaupenda. Someni pale juu!"

Walisoma kwa pamoja kama darasa la watoto: "Mtaa wa Kula!"

Mzee hakusoma.

Mtaa wenyewe ulikuwa mfupi, umepandwa miti pande mbili, na kila mlango ulikuwa mgahawa, au mahali pa kahawa, au mtu na jiko lake. Meza zilikuwa zimetoka hadi barabarani. Na juu, kwenye ukuta wa iliyokuwa hoteli ya wakoloni, kibao chenye maandishi meupe juu ya bluu, yaliyokuwa yamefanyiwa ukarabati na mtu mwingine, kwa heshima, bila kubadilisha umbo.

"Watu wengi wanadhani jina limetokana na migahawa," Kipaza alisema. "Si kweli. Migahawa imetokana na jina! Uhuru ulipokuja, mtaa huu ulipangwa kuitwa Mtaa wa Kura, kwa sababu katika jengo lile pale ndipo watu wetu walipopiga kura kwa mara ya kwanza. Sasa basi. Palikuwa na karani mmoja wa kike, maskini, ulimi wake na r walikuwa hawasalimiani. Akamsomea fundi: 'Andika Mtaa wa Kula.' Fundi naye akaandika alivyosomewa. Siku ya uzinduzi, viongozi wamepangana, bendi inapiga, kitambaa kinavutwa... Mtaa wa Kula!"

Wakaangua kicheko wote. "Basi leteni sahani!" dereva alipiga kelele, akijishika tumbo.

Maneno yale yale. Miaka hamsini na miwili iliyopita, mtu mwingine, nyuma ya umati, alipiga kelele hivyo hivyo.

"Kamati ilikaa mara saba kujadili kibao hiki," Kipaza aliendelea, "na mara zote saba ilikula hapa hapa. Kikabaki. Karani ndiye hakubaki. Alihamishwa bara wiki ile ile, huko ambako hakuna r za kutosha za kumtesa!"

Kicheko kingine. Mzee alisikia sauti ikitoka, akashangaa kuwa ni yake.

"Usimcheke."

Hakusema kwa nguvu, lakini Kipaza alizima kipaza sauti.

"Mzee wangu, ni utani tu. Ni hadithi ya..."

"Usimcheke. Hakukosea yeye. Alisoma kama kinywa chake kilivyo, na fundi alikuwa na karatasi mfukoni. Imeandikwa kura, kwa wino mweusi. Fundi angeitoa karatasi akaitazama, angeona. Hakuitoa, kwa sababu hata angeitoa asingeona kitu. Hakuwa anajua kusoma mwandiko." Alionyesha kibao kwa kidole. "Siku hiyo karani aliitwa ofisini mapema. Alinitajia majina matatu ya mwisho haraka haraka, akanipa karatasi, akaondoka. Hakuwapo kuniambia ile yenye mguu. Kula, nikasema sawa, si hapa ndipo wazungu walipokuwa wakila? Nikaandika."

Dereva alikuwa amevua kofia yake.

"Halafu bwana mkubwa akatuita wote wawili," mzee aliendelea, maana mlango ukishafunguka upepo huingia wote. "Akaniuliza, karatasi si ulikuwa nayo? Kwani hujui kusoma? Nikasema najua. Nikasema alinisomea yeye kwa kuwa mimi nilikuwa juu ya ngazi. Yeye alikuwa amesimama pale, pembeni ya kabati. Angeweza kusema neno moja, nikafukuzwa kazi siku ile. Alinitazama. Kisha akamwambia bwana mkubwa, 'Ni kweli, bwana. Ni ulimi wangu.'"

Mhudumu wa mgahawa alipita na trei, akapunguza mwendo, akaendelea.

"Mzee," Kipaza alisema polepole, "unajua nani alinipa hadithi hii?"

"Mtu yeyote. Mji mzima uliijua."

"Mimi sikuijua. Nilikuwa nawaambia watu ni kosa la kiwanda cha vibao. Mwezi wa nne alikuja bibi mmoja, mwembamba, anatembea na mkongojo, kaja na kundi la walimu wastaafu. Tulipofika hapa akaniambia, mwanangu, unakosea, karani mwenyewe ni mimi, na kosa ni la ulimi wangu. Akanisimulia yote, mpaka sahani. Alicheka kuliko wote. Nikamuuliza, na fundi je? Akasema, 'Fundi hakuwa na kosa. Alikuwa na mkono mzuli sana.'"

Mzee alitafuta kiti. Dereva alimvutia kimoja kutoka meza ya karibu bila kuomba ruhusa, akamshika kiwiko mpaka akakaa.

Kwa hiyo alikuwa hai. Alikuwa amesimama hapa, mwezi wa nne, akiwa na mkongojo, wakati yeye alikuwa nyumbani akizunguka meza. Na katika miaka yote hiyo, alipopata nafasi ya kusema jambo lile mbele za watu, hakuna bwana mkubwa, hakuna kazi ya kupoteza, alilichukua tena juu yake. Mzee alikuwa amezoea kujiambia kwamba labda karani hakujua. Labda aliamini kweli kwamba kosa lilikuwa lake. Ni neno la kumfariji mtu alalapo. Sasa aliona kwamba yule aliyeichukua karatasi mkononi mwake siku ya kwanza alijua tangu siku ya kwanza.

Baada ya karani kuhamishwa, Fundi alijiandikisha shule ya usiku. Wengine walisomea cheo. Yeye alikuwa na shabaha moja, aweze kumwandikia. Alikaa kwenye dawati la watoto, magoti yamegusa kidevu, miaka minne. Alipoweza kuandika barua isiyo na aibu, akaenda halmashauri kuuliza anwani. Wakamwambia aliacha kazi, hawajui alikokwenda. Akaoa mwanamke mwema, akazaa, akaishi vizuri. Lakini kila alipoona r, mkono wake ulikuwa unakumbuka.

"Aliacha jina?" aliuliza.

"Kila mgeni anaandika kwenye kitabu, kule ofisini benki ya zamani."

"Nipeleke."

"Kuna watu wengine, mzee, bado tuna ukumbi wa michezo na..."

"Mama, mpeleke," dereva alisema. "Sisi tuko Mtaa wa Kula, tutakosa nini? Tutakusubiri tukiheshimu jina."

Kitabu kilikuwa kikubwa, chenye jalada la kijani. Kipaza alifungua mwezi wa nne, akaanza kupitisha kidole. Mzee alimzuia mkono. Alitaka kuona mwenyewe. Alisoma mistari ya watu asiowajua, miandiko ya kila namna, iliyosimama, iliyolala, iliyokimbia, hata alipofika kwenye mmoja ulioandikwa taratibu, kwa wino, mwandiko wa kuunganisha wa makarani wa zamani. Karani alikuwa bado anatumia jina lile lile la baba yake. Hilo halikumwambia lolote, wanawake wengi hawabadili hata wakiolewa. Sanduku la posta, mji mdogo wa bara. Na mahali pa maoni: "Tumetembezwa vizuri. Naomba kibao kile kisibadilishwe."

Aliusoma mara tatu, ingawa mara ya kwanza ilimtosha.

"Mwanangu," alimwambia Kipaza, "Jumamosi ijayo utasimulia vipi?"

"Kama ulivyosimulia wewe. Ukiniruhusu."

"Sema ni Fundi Herufi. Usiseme 'fundi mmoja'."

Alinakili anwani, akatoka peke yake. Posta kuu iko mtaa wa pili, jengo lenye saa ambayo haijawahi kukubaliana na saa nyingine yoyote mjini. Alinunua bahasha na karatasi, akasimama kwenye meza ndefu ya mbao, ile ya kuandikia. Akaandika mistari sita ya heshima, ya kumtakia afya na kuuliza hali ya hewa. Akaisoma, akaona ni barua ya mtu anayeomba kazi. Akaichana. Ya pili ilikuwa ndefu mno, imejaa kujitetea. Nayo akaichana. Ya tatu aliiandika bila kusimama:

"Bibi Karani. Mimi ni Fundi. Siku ile sikuwa najua kusoma mwandiko, na wewe ulijua kwamba sijui. Ulinyamaza kwa ajili yangu, nami nikanyamaza kwa ajili yangu hiyo hiyo. Leo nimesema mbele ya watu, pale pale chini ya kibao, na kuanzia sasa mtembezaji atasimulia ilivyokuwa. Usichukue tena kosa langu, tafadhali, hata kwa kucheka. Nilijifunza kusoma baada yako. Nilitaka barua ya kwanza iwe yako, nikakosa mahali pa kuituma, nikaandika nyingine nyingi za kazi. Nilioa, mke wangu amefariki. Sijui habari zako na sidai kuzijua. Kama miguu inaruhusu, matembezi huanza Jumamosi saa tatu, stesheni. Kama hairuhusu, niandikie, nitakuja mimi. Mtaa mmoja tu unatosha."

Akasaini jina lake kamili, na chini yake, kwa mabano, Fundi.

"Mzee, si umpigie simu tu?" alisema kijana wa dirishani alipokuwa akibandika stempu. "Siku hizi nani anaandika barua?"

"Sina namba yake."

"Muulize mtu wa huko, watampata kwa dakika mbili."

"Kijana, nimesoma miaka minne usiku kwa ajili ya karatasi hii moja. Wewe gonga muhuri."

Kijana akagonga muhuri, akarudisha bahasha ili mzee aifunge mwenyewe. Gundi ya bahasha ilikuwa imekauka, ikabidi achukue ya chupa iliyokuwa mezani, ile nyeupe inayonata vidoleni. Aliipaka ukingoni kwa uangalifu wa mtu aliyepaka mistari maisha yake yote, akakunja, akabonyeza kwa kiganja, akahesabu polepole mpaka ishirini. Kisha akaenda kwenye sanduku la ukutani, akaisukuma barua mpaka nusu, akaishika hapo kidogo, akaiachia.